Siku Mia Sita na Kumi na Moja bila Kuzimwa

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, nilikuwa naingia chini ya meza ya pembeni pale ofisini kwetu Tunduma na kuligusa ubavu sanduku moja jeusi lenye vumbi. Likiwa na uvuguvugu, moyo unatulia. Kisha nakaa kwenye kiti changu, naandika neno moja tu, "uptime", nabonyeza, na lile sanduku linanijibu limekuwa macho siku ngapi bila kuzimwa. Jibu hilo nalipeleka mapokezi na kuliandika kwenye ubao mweupe, chini ya bei ya kwacha na idadi ya malori yanayosubiri karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kila siku, na sikuruhusu mtu mwingine aifanye.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapanga foleni mpaka unachoka kuyatazama, na sisi kazi yetu ni kuandaa nyaraka zake ili yavuke. Nyaraka zote, za jana na za mwaka juzi, zinakaa ndani ya sanduku lile, ambalo sote tunaliita seva. Watu wanane wanakaa kwenye meza zao na kila mmoja anachota humo. Mimi niliajiriwa kuandika barua na kubadilisha wino wa printa, lakini yule kaka aliyeifunga seva alipohamia Dodoma kutafuta maisha, alinikabidhi daftari lenye kurasa mbili za maelezo, akanipa pole, akaondoka. Kurasa mbili! Nilinuna wiki nzima. Wiki ya pili nikaanza kujifunza, maana kununa hakujawahi kufungua faili la mtu.

Nilichojifunza ni kwamba ndani ya seva kuna kazi zinazofanyika bila mtu kuziona. Ukienda kwenye harusi unaona maharusi, unaona kwaya, unaona sahani ya pilau imefika mbele yako. Wale akina mama walio nyuma ya nyumba na masufuria, macho mekundu kwa moshi, huwaoni. Seva nayo ina wapishi wake. Yupo anayetunza kumbukumbu, tunamwita databesi. Yupo anayegawa nyaraka kwa watu. Yupo anayeipangia printa zamu, na yupo anayetengeneza nakala ya akiba ya kila kitu, ikitokea balaa. Wote hao lazima waamke kwa mpangilio. Mgawa nyaraka akiamka kabla ya databesi, anatafuta kumbukumbu, hazioni, anaanguka palepale, na hanyanyuki mpaka mtu amnyanyue kwa mkono.

Mkono huo ulikuwa wangu. Mpangilio wote ulikuwa kichwani mwangu, nani kwanza, nani afuate, usubiri kwa muda gani katikati. Sikuwahi kuuandika popote. Tena niseme ukweli, sikutaka kuuandika. Mtu aliyeajiriwa kubadilisha wino akigundua kwamba bila yeye malori hayavuki, anaanza kutembea kifua mbele.

Sasa nieleze kwa nini hesabu ya siku ilikuwa kubwa vile. Baba yangu alipofariki, nilikwenda kwetu Hasamba, na baadaye nikaenda tena kwa arobaini yake nikalala siku tatu. Siku ya pili, huku ofisini mtu mmoja akachomoa waya wa seva ili achomeke birika la umeme. Alitaka chai. Seva ikazima, ikawashwa, na wapishi wakaamka hovyohovyo, mmoja baada ya mwingine wakaanguka. Kuanzia hapo mpaka niliporudi, madereva walijaa kibarazani wakitusomea kila aina ya tusi kwa lugha nne. Nilirudi nikiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, nikapiga magoti, nikaizima seva na kuiwasha upya, nikawaamsha mmoja mmoja. Ilinichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha hiyo chai.

Bosi wetu ni mtu mwema, anaimba besi kwenye kwaya, na akicheka unamsikia mpaka barabarani. Lakini siku ile hakucheka. Alinunua betri kubwa, akanunua jenereta, akaigandisha plagi kwenye soketi ya ukutani kwa gundi kiasi kwamba waya wa seva hauchomoki bila nyundo. Kisha akaniambia mbele ya wote, "Dada, kuanzia leo wewe na hii seva mmefunga ndoa. Hakuna kulala mbali." Watu wakapiga makofi. Na mimi, mjinga, nikatabasamu.

Basi hesabu ikaanza kupanda. Ilipofika siku mia, bosi alituletea soda. Ilipofika mia tatu, alianza kuwaonyesha wageni ubao kama mtu anavyoonyesha fahali wake. "Seva yangu haijalala!" husema. "Zunguka mpaka wote huu, uniletee nyingine." Pale mpakani hata saa zenyewe hazina msimamo, ukisogea hatua chache simu inashika mtandao wa ng'ambo na kurudi nyuma saa nzima, na watu wanachelewa misa kwa sababu hiyo. Lakini hesabu ya seva yetu haikuyumba, na wote tukaanza kuiamini kama kitu chenye baraka. Hakuna aliyethubutu kusema neno kuzima. Mimi nilijua mashine ikikaa macho muda mrefu vile kuna marekebisho yanayolimbikizana, yanayongoja izimwe na kuwashwa. Nilijua, nikanyamaza, nikaandika namba ubaoni.

Kwetu sikuacha kwenda. Ila nilikwenda asubuhi na kurudi jioni, nimekaa kwa mama saa tatu nne, simu mkononi, kama mkaguzi wa shule. Mama hakulalamika. Alikuwa ananifungia maharage na ndizi kwenye mfuko kabla hata sijaaga, maana alishanizoea.

Siku ninayoikumbuka ni ya mwezi wa saba, baridi ya kuuma masikio na upepo wa vumbi. Alikuja mgeni kutoka ng'ambo, wakala mwenzetu wa Nakonde, mzee mmoja mcheshi. "Mulishani, mami?" akanisalimia kwa Kibemba, nami nikamjibu ninachokijua, "Bwino." Bosi akamvuta mpaka kwenye ubao. "Mwambie," bosi akaniambia. "Mwambie siku ngapi."

"Mia sita na kumi na moja," nikasema, kifua mbele.

Mgeni akapiga mluzi. Na palepale simu yangu ikaita, mama.

Mama hapigi simu asubuhi bila sababu. Alisalimia kwa kirefu, kama Wanyiha tunavyosalimia, umelalaje, kazi imelalaje, jirani zako wamelalaje, kisha akafika kwenye neno lenyewe. "Kahawa imeiva. Lile shamba la bondeni, alilopanda baba yako, nikimaliza kuchuma nalikata. Mibuni imezeeka. Nimekwambia tu ujue."

"Unalikata lote, mama?"

"Lote. Nabakiza visiki vichipue. Mwaka jana hukushika tenga. Mwaka huu ukikosa, ujue ya baba yako umeikosa. Mimi silazimishi mtu." Mama akisema halazimishi mtu, jua umekwisha.

Nilikata simu nikabaki nimeutazama ubao. Mia sita na kumi na moja. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kompyuta. Seva iliwashwa siku ile niliyorudi kutoka arobaini ya baba. Kwa hiyo namba ile niliyokuwa naiandika kwa mbwembwe kila asubuhi, ilikuwa pia hesabu ya siku ambazo sijalala kwa mama yangu. Nilisikia aibu mpaka shingoni. Nilimchukia yule mgeni kwa kupiga mluzi, nikamchukia bosi, na mwisho nikakubali kwamba wa kuchukiwa ni mimi.

Nikamfuata bosi palepale, hasira bado ya moto, maana nikipoa huwa naogopa. Nikamwambia nataka siku nne, Alhamisi jioni mpaka Jumatatu asubuhi.

"Na seva?"

"Nitaifundisha iamke yenyewe."

"Utajuaje imefundishika? Ili ujue lazima uizime."

"Ndiyo. Lazima niizime."

Bosi alishika kichwa. "Mia sita na kumi na moja, dada! Unataka kumchinja ng'ombe anayekamuliwa?"

"Bosi, mama yangu anakata shamba zima la kahawa ili lichipue upya. Yeye haogopi, na ni mali ya marehemu mume wake. Mimi nitaogopaje sanduku?"

Akashusha mikono. Yeye mwenyewe ni mtoto wa kahawa, kasomeshwa kwa kahawa, anajua mbuni usiokatwa unageuka kuni umesimama. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. "Basi izimwe saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, watu wote wamelala, hata madereva," akasema kwa sauti ya mtu anayepanga mazishi. "Ijumaa asubuhi upige simu. Ikiwa imeanguka, unapanda gari la kwanza unarudi. Kahawa au si kahawa."

Nikakubali. Siku mbili nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwaka mzima uliopita. Kila mpishi nilimwandikia maagizo yake: wewe usianze mpaka databesi ameamka na ametulia, wewe subiri mgawa nyaraka, na yeyote atakayeanguka, ajinyanyue baada ya nusu dakika, ajaribu tena. Ni kama jikoni, hakuna anayemimina unga kabla ya maji kuchemka. Nilipomaliza niliyaandika yote kwenye daftari lile la kurasa mbili, likawa na kurasa kumi na moja, nikaliweka juu ya meza, mahali ambapo hata mtafuta chai angeliona.

Kilichobaki ni kuiagiza seva ijizime na kujiwasha usiku. Alhamisi jioni, bodaboda yuko nje anapiga honi kama anayekimbiza mgonjwa, abiria wenzangu stendi wanasubiri gari lijae, nikaandika agizo la mwisho kwa vidole vya baridi. Nikazima kioo cha kompyuta, nikabeba mfuko, nikakimbia.

Usiku ule nililala kwenye kitanda changu cha usichana, blanketi tatu, na mama upande wa pili wa ukuta akikohoa kidogo na kuomba dua zake za Kinyiha. Sikumbuki lini nililala vizuri vile.

Asubuhi saa moja na nusu nilipanda kilimani nyuma ya nyumba, mahali panapopatikana mtandao, nikampigia dada wa mapokezi. "Mfumo unafungua?" nikauliza.

"Unafungua vizuri tu. Nyaraka zinatoka. Kwani vipi?"

Niliruka. Kweli niliruka, mtu mzima, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikateremka mbio mpaka bondeni ambako hakuna mtandao hata wa kuombea. Mama alikuwa keshaanza mstari wa kwanza. Akanitupia tenga. "Wamekuachia?"

"Wameniachia, mama."

Tulichuma siku nzima. Mtu ambaye hajachuma kahawa anadhani ni kazi ya mikono, kumbe ni kazi ya mdomo. Mama alinipa habari zote za kijiji, nani kaolewa, nani kakimbiwa, ng'ombe wa nani kaingia bustani ya mchungaji. Alinionyesha mbuni ambao baba aliupanda kichwa chini miguu juu kwa sababu alikuwa anabishana na mama, akaufukua akaupanda upya, na ndio uliozaa kuliko yote. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilicheka mpaka kahawa mbivu zikanimwagika, na mama akanifokea nichume zilizoanguka, moja moja, hakuna kuacha. Mikono yetu ilinata na kuwa myeusi. Nilikuwa na furaha ya kitoto, nasema bila kuona haya.

Jioni nilipanda tena kilimani kumsalimia mtu fulani, hayo si ya hapa, na simu ikaanza kutetemeka mkononi. Ujumbe juu ya ujumbe. Bosi amekupigia. Bosi amekupigia. Mara kumi na moja. Ya kwanza saa mbili na dakika mbili asubuhi.

Nilikaa chini kwenye jiwe. Saa mbili asubuhi? Nusu saa baada ya kuambiwa kila kitu kizuri? Nikatafuta kosa kichwani, nikaliona, nikajipiga kofi la paja. Kompyuta haihesabu saa kama sisi. Inaanza kuhesabu katikati ya usiku, kwa hiyo saa yetu ya nane usiku kwake ni mbili. Bosi alisema nane, mimi kichwani nilikuwa na nane, na kwa haraka ya ile honi, vidole viliandika nane. Na nane ya kompyuta ni saa mbili asubuhi, ofisi imejaa, foleni imejaa. Miaka yote nawacheka madereva wa ng'ambo wanaochanganya saa zetu na kukosa miadi. Tena pale asubuhi nilipopiga simu, mimi ninayeiuliza seva siku zake kila siku ya Mungu, siku hiyo sikumwambia dada wa mapokezi aiulize. Angeniambia mia sita na kumi na nne, na ningejua haijazimwa bado.

Nikatazama njia. Gari la mwisho lilikuwa limeshapita. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia mama, kwamba kesho alfajiri narudi, kwamba mibuni ya baba aimalize peke yake. Ndipo ukaingia ujumbe wa mwisho, uliochelewa njiani tangu mchana, wa bosi, ambaye huwa anaandika kwa herufi kubwa tupu:

"USIPIGE SIMU. IMEAMKA YENYEWE. CHUMA KAHAWA. MSALIMIE MAMA."

Niliusoma mara nne. Nilifurahi, halafu kuna kitu kikanichoma, kidogo, mahali fulani chini ya furaha. Saa mbili asubuhi, watu wanane, malori yote yale, mimi nipo bondeni, na hawakunihitaji. Nilikuwa nimejenga fahari yangu yote juu ya kuhitajiwa. Machozi yakanitoka kabla sijaamua kama ni ya nini.

Mama alinikuta hapo, alikuwa amenifuata na kanga ya kujifunika. "Wanasemaje huko?"

"Wanasema imeamka yenyewe."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ndivyo nilivyotaka."

"Sasa unalilia nini, we mtoto?" Akanifunika kanga mabegani, akakaa pembeni yangu juu ya jiwe, na hakusubiri jibu. "Kesho tunaanza mstari wa juu," akasema. "Ule ndio mzito."

Tulimaliza Jumapili baada ya ibada. Mama alinipa msumeno nikate mbuni wa kwanza, ule uliopandwa kichwa chini. Nilikata. Ndani ulikuwa mkavu, na pembeni ya kisiki, chini kabisa, tayari kulikuwa na kichipukizi cha kijani kisichozidi kidole.

Jumatatu nilifika ofisini kutoka kwetu moja kwa moja. Dada wa mapokezi alinisimulia ilivyokuwa, huku akijishika mbavu. Vioo vyote vilikwama kwa pamoja. Bosi aliinuka, akapiga simu mpaka kidole kikamuuma, akaingia chini ya meza na suti yake, akaanza kuliimbia sanduku wimbo wa kwaya, au labda alikuwa anaomba, hawakuelewa. Mtu mmoja akasema, basi tunywe chai. Chai haikuwa imefika kwenye vikombe vyote, nyaraka zikafunguka.

Niliingia chini ya meza, nikaligusa ubavu. Lina uvuguvugu. Nikakaa, nikaandika neno langu kwa vidole vyenye weusi wa kahawa ambao sabuni ilishindwa kuutoa, na vibonyezo vikanata. Siku tatu na dakika kumi na tano.

Bosi alisimama pembeni ya ubao kama mfiwa. "Andika tu," akasema. "Andika, dada, tufanyeje."

Nikafuta namba ya zamani, nikaandika tatu, kubwa, imejaa ubao. Wakati huohuo yule mzee wa Nakonde akaingia na karatasi zake, akaitazama, akashtuka.

"Mami! Tatu? Imepatwa na nini?"

"Haijapatwa na kitu," nikamwambia. "Mimi nilikuwa kwa mama."